Mkufu Uliopotea Pirates: Uchambuzi wa Kisa cha Kutafuta Dhahabu Ndogo Ufukweni

Kisa kinachochambuliwa hapa kilitokea katika ufukwe wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao wakazi wa Mombasa wamezoea kuuita Pirates, katika msimu wa kaskazi. Mama mmoja wa makamo alipoteza mkufu mwembamba wa dhahabu alipokuwa akioga baharini na wajukuu wake Jumapili alasiri. Jumatano asubuhi kijana mwenye kigunduzi cha metali aliupata, ingawa hakuupata wote. Nilikuwepo siku ya utafutaji, na baadaye nilizungumza na wote wawili kwa utulivu. Ninakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu ninaamini kuwa kazi kubwa ilifanyika kabla ya mashine kuwashwa. Pete nene ya kiume inaweza kumsamehe mtafutaji anayetembea ovyo ufukweni akitegemea bahati, lakini mkufu wa gramu tatu haumsamehi.

Mkufu wenyewe ulikuwa wa aina inayofahamika vizuri katika miji ya pwani na katika nchi za Ghuba: kidani cha jina kilichochongwa kwa herufi za Kiarabu, kikiwa kimeungwa na mkufu kwenye ncha zake zote mbili, na kikulabu cha duara chenye springi nyuma ya shingo. Dhahabu yake ilikuwa ya karati 21, yaani sehemu 21 kati ya 24, sawa na asilimia 87.5. Mama aliupata katika mahari yake. Asiyeijua pwani huenda akashangaa kwa nini kitu chepesi hivyo kifuatiliwe kwa siku tatu, lakini dhahabu ya mahari ni mali ya mwanamke mwenyewe, ambayo mumewe hana haki nayo, na kwa wanawake wengi ndiyo akiba ya kwanza waliyowahi kumiliki kwa jina lao.

Upotevu ulitokea hivi. Mama alikuwa amesimama majini akiwa amempakata mjukuu wa miaka miwili, wimbi likaja, mtoto akashtuka na kuudaka mkufu ili ajishikilie. Pete moja ndogo ya mkufu ilikatika karibu na kidani, na kikulabu, ambacho springi yake ilikuwa imechoka, kikafunguka kwa mvuto huohuo. Kwa hiyo vilianguka vipande viwili: kidani kikiwa na nusu ya mkufu, na nusu ya pili peke yake. Mama hakuhisi chochote wakati ule, na aligundua shingo yake iko tupu alipokuwa akibadilisha nguo. Jamaa zake walipekua mchanga kwa mikono hadi magharibi, wakichimba pale walipokuwa wametandika mkeka na pale maji yalipokuwa yamefika alasiri. Kesho yake walirudi na kuwauliza wapiga picha na wanaokodisha maboya, wakaambiwa hakuna aliyeona kitu.

Kijana alipoitwa hakukimbilia kuuliza mkufu ulianguka wapi. Aliuliza jambo ambalo mwenye mali angeweza kulikumbuka kwa hakika.

“Mama, mtoto alipokushika shingo, maji yalikuwa yamekufika wapi?”

“Kiunoni, mwanangu. Na maji yalikuwa yamejaa pomoni, hata wale wa maboya walikuwa wamevuta vitu vyao juu.”

Jibu hilo lilitosha kuanzia hesabu. Muogeleaji hukumbuka mahali kwa kuyatazama maji, na maji hayatulii mahali pamoja. Katika pwani ya Mombasa bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kila mjao ukifuatana na mwingine kwa muda wa saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano hivi, na siku za bamvua (maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo) tofauti kati ya maji makuu na maji madogo huzidi mita tatu. Katika ufukwe wenye mteremko wa taratibu, mita tatu za kimo ni makumi ya mita za mchanga. Ndiyo maana jamaa wa mama walichimba kwa bidii mahali ambapo mkufu haukuweza kuwa: waliufuata ukingo wa maji ya alasiri, ilhali mama alikuwa amesimama ndani zaidi, maji yakimfika kiunoni.

Jumapili hiyo ilikuwa siku ya mwezi mpevu, na jedwali la maji la bandari ya Kilindini lilionyesha kuwa bahari ilifika kimo cha mita 3.6 saa kumi na dakika chache alasiri. Maji ya kiunoni kwa mtu wa kimo cha mama yule ni kama mita moja. Basi mchanga aliokuwa amekanyaga ulikuwa kwenye usawa wa mita 2.6 kwa kipimo cha jedwali. Mawimbi yanaweza kumdanganya mtu kwa sentimita 30 juu au chini, na kwa kuwa mteremko wa ufukwe mahali hapo ulikuwa kama mita moja kwa kila mita kumi na tano, shaka hiyo ilimaanisha mita nne au tano kila upande. Kwa upana wa kutoka juu kwenda chini, eneo la kutafuta likawa ukanda wa mita kumi tu.

Urefu wa ukanda, kaskazini hadi kusini, ulipatikana kwa njia ya kawaida zaidi. Mama alikumbuka kuwa alikuwa ameingia majini mkabala na wakodishaji wa maboya na kwamba alipotoka alijikuta karibu na ngamia. Mawimbi ya kaskazi hufika ufukweni kwa mshazari na humsogeza aliyesimama majini kidogo kidogo kuelekea kusini bila yeye kutambua. Kati ya alama hizo mbili palikuwa na mita thelathini hivi. Kwa hiyo ufukwe mzima, ambao mtu mmoja asingeweza kuumaliza kwa uangalifu hata kwa mwezi, ulipunguzwa ukawa mita za mraba mia tatu.

Ilibaki kuupata usawa wa mita 2.6 kwenye mchanga halisi, na hapa kijana alitumia mbinu ambayo naiona kuwa ndiyo nguzo ya kisa chote. Hakuhitaji chombo chochote cha wapimaji ardhi, kwa sababu bahari yenyewe huchora mstari wa usawa kila inapopwa. Jumatano asubuhi maji makuu yalikuwa ya mita 3.5, karibu saa kumi na mbili. Maji madogo yalitarajiwa kuwa mita 0.4 karibu na adhuhuri, yaani bahari ingeshuka mita 3.1 kwa saa sita. Wavuvi na mabaharia wanajua kuwa maji hayapwi kwa mwendo mmoja: saa ya kwanza hushuka kama sehemu moja ya kumi na mbili ya tofauti yote, saa ya pili sehemu mbili, ya tatu na ya nne sehemu tatu tatu, kisha mwendo hupungua tena. Sehemu moja hapa ilikuwa kama sentimita 26. Baada ya saa mbili bahari ingekuwa imeshuka sentimita 78 hivi na kufika kimo cha mita 2.7, na dakika kumi baadaye ingegusa mita 2.6. Saa mbili na dakika kumi asubuhi kijana alikuwa amesimama ukingoni, na alipochomeka vijiti vyake kwenye mstari ambao maji yalikuwa yakiuacha, ulikuwa ndio mstari uleule ambao nyayo za mama zilikuwa juu yake Jumapili.

Baada ya hapo ndipo suala la mashine linapopata maana yake. Kigunduzi hutuma uga wa sumaku unaobadilikabadilika kupitia koili yake, yaani waya uliozungushwa ndani ya sahani yake ya chini. Uga huo huamsha mikondo midogo ya umeme ndani ya metali, na mikondo hiyo nayo huzalisha uga hafifu ambao koili huupokea. Mikondo inahitaji njia ya kuzungukia. Pete nzima isiyokatika huipa njia nzuri, na ndiyo sababu pete hulia kwa sauti safi hata ikiwa imezama kiasi. Mkufu mwembamba hauipi njia hiyo. Ni msururu wa pete ndogo mno zinazogusana kwa shida, kila moja ikijitegemea, na mashine huziona kama punje nyingi zisizo na maana badala ya kuziona kama gramu tatu za dhahabu. Zaidi ya hayo, dhahabu safi hupitisha umeme vizuri sana, lakini ikichanganywa na shaba au fedha kwa ajili ya ugumu, uwezo huo hupungua kwa kiasi kikubwa.

Tatizo la pili ni maji ya chumvi. Bahari ina chumvi ya kama gramu 35 kwa kila lita, na mchanga uliolowa maji hayo hupitisha umeme. Kwa kila sentimita ya mraba nguvu yake ni ndogo, lakini koili hutazama eneo zima kwa wakati mmoja, na mwitikio wa eneo hilo lote hufanana sana na wa dhahabu ndogo: wote wawili huzuka na kufifia haraka mno. Mtu akiiagiza mashine ipuuze chumvi, huiagiza pia ipuuze hereni na mikufu. Akiiacha isikie kila kitu, inapiga kelele bila kikomo. Mashine za masafa mamoja, yaani ambazo uga wake hubadilika kwa kasi moja tu, huwa katika hali ngumu zaidi hapa, hasa zile za masafa ya juu ambazo nchi kavu ndizo bora kwa dhahabu ndogo. Mashine za mapigo, zinazotuma uga kwa vipindi vifupi kisha kusikiliza, hustahimili chumvi na mchanga mweusi vizuri, lakini nyingi huanza kusikiliza wakati mwitikio wa kitu chembamba umekwisha kufifia, na hazisaidii sana kutenganisha msumari na pete. Kijana alikuwa na mashine ya masafa mengi kwa pamoja, ambayo hulinganisha mwitikio wa masafa mbalimbali na kuiondoa chumvi bila kufuta kila kilicho jirani nayo. Ni chaguo sahihi kwa mchanga uliolowa, ingawa halikutosha peke yake. (Kwa bahati, mchanga wa Pirates ni mweupe. Kuelekea Malindi na Mambrui, ambako mto Sabaki humwaga udongo wake baharini, mchanga una madini meusi kwa wingi, na kazi kama hii ingekuwa ngumu zaidi.)

Uamuzi uliotenganisha utafutaji huu na mwingine wa kawaida ulikuwa wa koili. Kijana aliiacha koili kubwa ya inchi 11 na kufunga ndogo ya inchi 6. Koili ndogo hutazama mchanga kidogo kwa wakati mmoja, hivyo husikia chumvi kidogo, na kitu kidogo huchukua sehemu kubwa zaidi ya kile inachokiona. Gharama yake ni muda, kwa kuwa kila mpito hufunika upana mdogo na unapaswa kurudiwa kwa nusu. Katika ufukwe mzima hilo lingekuwa jambo lisilowezekana. Katika mita za mraba mia tatu liliwezekana kabla ya maji kurudi, na hapo ndipo hesabu ya jedwali ilipolipa. Watu wengi hununua mashine ya bei kubwa ili waweze kutembea haraka. Kwa maoni yangu, anayetafuta dhahabu ndogo apunguze kwanza eneo, ili apate haki ya kwenda polepole.

Kabla ya kuanza, kijana aliomba mkufu unaofanana na ule uliopotea, na binti wa mama akavua wake. Aliulaza juu ya mchanga uliolowa na kuupitishia koili. Mkufu wenyewe haukutoa sauti yoyote inayoaminika. Kikulabu kilitoa mguno, na kidani cha jina kililia wazi, kwa sauti ya chini, karibu kabisa na ile ya karatasi ya alumini ya kufungia vyakula. Jaribio hilo la dakika chache liliweka wazi mambo mawili: kitakachosikika ni kidani, kwa hiyo kidani ndicho kitafutwe, na uchujaji wa sauti lazima uzimwe, kwa kuwa anayeiamuru mashine inyamaze juu ya takataka za alumini ameiamuru inyamaze juu ya kidani.

Kazi ikaanza kwa kamba mbili zilizotandazwa sambamba na maji, koili ikibaki kwenye kimo kilekile bila kuinuliwa mwishoni mwa kila mpito, kwani juu ya mchanga wa chumvi kuinua koili huleta sauti ya uongo. Vilitoka vitu ambavyo kila mtafutaji wa Pirates anavijua: vifuniko vya soda, vipande vya karatasi za alumini, vishikio vya mikebe, sarafu zilizogeuka kijani na chubwi za risasi za wavuvi wa mshipi. Mpangilio wao ulistahili kuangaliwa. Alumini ilitapakaa sehemu ya juu, ilhali chubwi na sarafu zilifuatana katika mfereji mdogo upande wa chini. Bahari hupanga vitu kwa uzito na umbo, na risasi yenye uzito wa mara kumi na moja wa maji hukaa pamoja na vitu vizito. Watafutaji wengi hufundishwa kufuata chubwi, kwa hoja kwamba dhahabu ni nzito kuliko risasi na lazima itakuwa hapohapo.

Hoja hiyo ni ya kweli kwa pete. Kwa mkufu ina kasoro, na kijana alifanya vyema kutoifuata. Dhahabu ya karati 21 ina uzito wa zaidi ya mara sita ya mchanga wa ujazo uleule, lakini mkufu hauna umbo la kuzama: ni mwembamba, umetanuka, na wimbi huukamata kama linavyokamata uzi wa mwani. Kilichouzuia usisafiri ni kidani, ambacho kilikuwa kizito na bapa. Tangu Jumapili bahari ilikuwa imejaa mara tano juu ya eneo lile. Ilitarajiwa kwamba kidani kingekuwa kimefukiwa na kusogea kidogo tu kuelekea chini.

Ndivyo ilivyokuwa. Karibu na saa nne asubuhi, kama mita tatu chini ya mstari wa vijiti, mashine ilitoa sauti ya chini, hafifu, iliyojirudia kwa namna ileile koili ilipopitishwa kutoka pande zote mbili. Sauti ya chumvi haijirudii hivyo. Kijana aliweka chini upawa wake wa chuma na kuchimba kwa mikono, kwani makali ya upawa hukata mkufu mwembamba kwa urahisi, kisha akauweka mchanga kwenye chekeche na kumwagia maji. Kwenye kina cha vidole vinne kilitoka kidani, jina likisomeka, na nusu ya mkufu ikiwa imejisokota juu yake pamoja na kikulabu.

Nusu ya pili haikupatikana. Kijana alipima mzunguko wa hatua kadhaa kutoka shimoni, mashine ikanyamaza, naye akahitimisha kuwa imechukuliwa na maji. Uamuzi huo siukubali. Nusu hiyo haikuwa na kidani wala kikulabu, na jaribio la asubuhi lilikuwa limeonyesha kuwa mkufu mtupu hausikiki hata ukiwa juu ya mchanga. Kimya cha mashine, basi, hakikuthibitisha lolote. Kilichohitajika ni chekeche: kuchuja mchanga wa mita mbili au tatu za mraba, hasa upande wa chini ya shimo, hadi kina cha kiganja, kwa kuwa vipande vilianguka pamoja. Muda ulikuwepo, maana maji madogo yalikuwa bado hayajafika. Tena bamvua lingeendelea kuufunua ukanda uleule siku mbili zaidi. Mama alisema kidani kinamtosha, na sonara wa Mji wa Kale aliunganisha mkufu mpya kwenye ncha iliyokatika, lakini kuridhika kwa mwenye mali hakufanyi utafutaji uwe umekamilika.

Lipo jambo jingine katika kisa hiki ambalo halihusu mkufu. Katika ukanda uleule, kabla ya kidani, kilitoka kipuli kimoja cha dhahabu chenye kijiwe chekundu, kidogo kiasi kwamba nusura kipite kwenye tundu la chekeche. Hakikuwa cha mama, na ufukweni hapakuwa na aliyekidai. Wapo wanaoamini kuwa cha baharini ni cha aliyekiokota. Sheria ya Kenya haisemi hivyo. Kifungu cha 268 cha Kanuni ya Adhabu kinamwondolea mwokotaji shaka ya wizi pale tu ambapo, wakati wa kukichukua kitu kuwa chake, hamjui mwenyewe na anaamini, kwa sababu za msingi, kuwa mwenyewe hawezi kupatikana. Sababu za msingi haziwezi kuwepo kabla ya mtu kujaribu kumtafuta. Sharia ya Kiislamu, ambayo kijana na mama wote wanaifuata, inakwenda mbali zaidi: kiokotwa chenye thamani hutambuliwa sifa zake, kisha hutangazwa mwaka mzima. Kama kingekuwa kitu cha kale, sarafu ya Kireno kwa mfano, katika mji ambao mbele ya ngome yake ilizama merikebu ya Santo António de Tanna mwaka 1697, kingeangukia chini ya Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 na kupaswa kuripotiwa.

Kijana alikipima kipuli, akakipiga picha, akaandika tarehe na mahali. Waokoaji wa ufukweni na wakodishaji wa maboya walielezwa kuwa kimeokotwa kipuli cha dhahabu, bila kutajiwa kijiwe, rangi yake wala aina ya kishikizo chake, ili atakayedai azitaje sifa hizo mwenyewe. Tangazo kama hilo liliwekwa kwenye msikiti wa jirani na kwenye duka la sonara aliyeutengeneza mkufu. Mwanamke mmoja amekwisha kuja akidai kipuli chenye lulu, na amerudishwa kwa heshima. Kipuli kiko kwa sonara, ndani ya bahasha iliyofungwa na kutiwa saini na watu wawili, na mwaka wake haujatimia.